Kucha 18 za Mtasema

Kwa miezi mingi nilijua Mtasema yuko wapi bila kuinua macho kwenye cherehani. Sakafu yangu ni ya saruji, na kucha zake zilikuwa zinagonga: ta-ta-ta akitoka jikoni, ta-ta-ta akipita nyuma ya kiti changu, kisha kimya, ujue kashajikunja chini ya meza ya kukatia. Wateja walikuwa wanacheka. "Fundi, mbwa wako kavaa mchuchumio." Nami nacheka nao. Sikujua kwamba mbwa akisimama wima, kucha hazitakiwi kugusa sakafu. Zikigusa, kila hatua inasukuma kidole juu, kinapinda, na mnyama anaanza kukanyaga kwa kujihami kama mtu aliyevaa kiatu kidogo.

Siku moja ya masika, mwaka 2022, mdundo ulibadilika. Ta-ta, kimya, ta. Ta-ta, kimya, ta. Kama mashine inayoruka mshono. Nikageuka, nikamkuta anatembea kwa miguu mitatu.

Kwanza niseme kuhusu jina, maana watu huwa wanauliza. Alikuja nalo. Mdogo wangu aliyemfuga mwanzo alikuwa na ugomvi wa mpaka na majirani zake, na maneno aliyoshindwa kuwaambia usoni akampa mbwa. Kila jioni anasimama uani anaita "Mtasemaaa!" na ujumbe unafika. Kichekesho ni kwamba mwenye jina ndiye asiyesema neno. Habweki. Mgeni akibisha hodi, yeye anaingia uvunguni. Alikulia kwenye kamba, ndani ya banda, na mkono uliokuwa unamfikia ulikuja kumfunga, kumfungua au kumchapa. Mdogo wangu alipohamia Dodoma akaniachia: jike wa kienyeji, rangi ya mchanga, soksi nyeupe mguu wa kulia mbele, na woga wa kuwatosha mbwa watano. Kichwa alikuja kukubali kishikwe baada ya miezi. Miguu, hapana.

Basi siku ile nikafanya makosa yote ndani ya robo saa.

Niliona mguu wa kushoto mbele umevimba upande wa ndani, na unanuka. Mbwa ana kidole cha tano pale, kimejitenga juu kidogo, hakigusi ardhi. Kwa kuwa hakigusi, kucha yake haisagiki kwa kutembea. Inakua, inajikunja kama pete, na isipokatwa inarudi kuingia kwenye nyama ya mwenye nayo. Ya Mtasema ilikuwa imeshaingia. Mvua zilikuwa hazikatiki, tulikuwa hatutembei, nami nilikuwa na oda ya sare za shule. Sikuangalia miguu yake kwa muda gani, naona aibu kusema.

Nikaita vijana wawili wa pale kwa seremala, na binti yangu akashika kichwa. Mmoja akaja na koleo. Tukamlaza kwa nguvu. Yule kijana hakuanzia hata kwenye kidole kibovu. Akaona kucha nyingine ndefu, nyeusi, akasema ngoja hii nayo tuipunguze, akabana. Koleo halikati kucha, linaiponda. Damu ikaruka kwenye saruji, na Mtasema, aliyekaa nyumbani kwangu karibu mwaka mzima bila kutoa sauti, alipiga ukelele uliowatoa watu wa nyumba ya tatu. Halafu akaning'ata kifundo cha mkono.

Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo. Nilienda bombani nikaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, saa mbele yangu, kisha hospitali. Cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa kilikuwepo na bado kilikuwa hai, lakini daktari akasema sindano nianze huku mbwa akiangaliwa siku 10. Nilianza. Jeraha la mbwa halihitaji ubishi, hata awe mbwa wako unayemlisha kwa mkono.

Usiku ule Mtasema alikuwa chini ya meza, analamba, analamba, na mimi na bandeji yangu mkononi nilitaka nimpunguzie maumivu kwa vidonge vyangu. Kuna mtu anayezungukia mifugo mtaani aliniambia nimpe nusu ya diklofenaki, "inatosha, ni mbwa mdogo." Nashukuru nilikuwa nimeishiwa. Kesho yake daktari wa mifugo alinikatalia kwa ukali: diklofenaki, ibuprofeni, parasetamoli, vyote vya kwetu sisi, mbwa usimpe kwa kukisia. Vinachoma tumbo, vinaharibu figo na ini, na mbwa anaweza kufa kwa dawa huku kucha yenyewe isingemuua.

Hapa Morogoro tuna bahati, Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha udaktari wa wanyama, kwa hiyo mtu aliyesomea kazi hii hapatikani kwa shida. Huyu niliyemwendea hakumlaza mtu kwa nguvu. Alikaa sakafuni, akampa mgongo Mtasema, akaongea na mimi. Baada ya muda akamchoma sindano ya usingizi, akaikata ile pete ya kucha, akavuta kipande kilichozama, akasafisha tundu. Nikaliona. Lingemeza kichwa cha pini ya kushonea, tena ile ya duara. Akanipa dawa za kumeza za wiki moja, na maelezo ambayo nilidhani mepesi mpaka nilipofika nyumbani: mguu uloweke maji ya vuguvugu yenye chumvi mara mbili kwa siku, ukaushe vizuri, asilambe.

Asilambe! Mimi ni fundi nguo, nikajisifu kwamba hilo nitalimaliza kwa uzi na sindano. Nikashona ngata kubwa ya shingo, nikaijaza vipande vya kitenge, ikatoka nzuri kama mto wa kochi. Alikaa nayo nusu saa, akajua kwamba mguu wa mbele ukiurefusha unafika mdomoni bila tabu, akaendelea kulamba huku ameegemea ngata yangu. Nikashona kiatu cha jinzi. Alitembea nacho hatua nne akinyanyua mguu kama kuku kwenye tope, akakaa, akakitafuna. Kilichofanya kazi ni soksi kuukuu ya shule ya binti yangu, nimeifunga kwa tepe juu ya manyoya, si juu ya ngozi, na nimeilegeza kiasi cha kidole changu kupita. Nilikuwa naivua kila baada ya saa chache kuangalia kama vidole vimevimba au kitambaa kimelowa. Soksi mbichi juu ya kidonda ni mbaya kuliko kidonda kilicho wazi. Usiku alilala chumbani kwangu, nikisikia mlio wa kulamba naita jina. Majirani wa sasa nao wamelizoea.

Beseni ndilo lililonifundisha kazi. Siku ya kwanza nililiweka na maji, chumvi na kila kitu, nikamwita. Akaona beseni, akaona mimi, akaenda kujibana nyuma ya magunia ya vitambaa mpaka jioni. Nikakaa kwenye kibaraza nimenuna.

Jirani yangu ni mzee anayefuga mbuzi. Ni mtu wa swala tano, mbwa hamgusi, na Mtasema akipita karibu anakunja kanzu yake taratibu bila kumfukuza. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Fundi, jana niliona mnavyomshika. Mlimshika kama mwizi."

Nikasema, "Sasa mzee, nitamkataje kucha asiposhikwa?"

"Mimi mbuzi nikitaka kumkata kwato, siendi na kisu. Naenda na majani. Kesho naenda na majani namshika mguu. Keshokutwa ndiyo kisu. Na nikikata, nakata nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikiona pamekuwa na rangi ya waridi, nimefika, naacha." Akanyamaza kidogo. "Ila sijui mbwa anakula nini."

Mbwa huyu anakula dagaa. Wakavu wa Kigoma, mmoja mmoja, kwa dagaa atauza ukoo. Nikaweka beseni tupu katikati ya sakafu, ndani dagaa watatu, nikarudi kwenye cherehani nikamwachia. Siku mbili alikuwa anakula humo bila maji. Siku ya tatu nikamwaga kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, dagaa wakaelea, akasimama na mguu mmoja ndani bila kugundua. Niliogopa hata kupumua. Kidonda hakikusubiri siku hizo, sitaki mtu aelewe vibaya: mwanzoni nilikuwa nakikanda kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji ya chumvi, yeye amelala, mimi nimekaa pembeni bila kumkabili, sekunde chache na dagaa, sekunde chache na dagaa. Iodini nilimpaka pia, nimeichanganya na maji mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi iliyochujwa mara ya pili. Spiriti daktari aliikataza. Inachoma, na mbwa mwoga ukimchoma mara moja utalipa mwezi mzima.

Kisha kukausha, hasa katikati ya vidole. Pale hapaingii hewa, na unyevu ukibaki, ngozi inakuwa nyekundu, inanuka kama mtindi uliochacha, naye anarudi kulamba. Ni katikati ya vidole hivyo hivyo nilipokuta kupe wawili wamejaa damu, nyuma ya yale mapande laini meusi ya chini ya mguu ambayo binti yangu anayaita vitumbua. Nyumbani kwetu kupe alikuwa anamwagiwa mafuta ya taa. Siku hizi natumia kibano, nabana karibu kabisa na ngozi, navuta moja kwa moja bila kupinda. Kupe ana maradhi yake ya kuambukiza damu ya mbwa. Siyo uchafu tu.

Kidonda kilifunga baada ya kama wiki mbili. Zikabaki kucha nyingine zote, ndefu vile vile, na mbwa ambaye sasa ana sababu.

Mbwa ana kucha 18, nne kila mguu na hizo mbili za ndani kwenye miguu ya mbele. Wengine wanazo na za nyuma pia, huyu hana. Kwake 13 ni nyeusi na 5 za mguu wenye soksi ni nyeupe, na hizo 5 ndizo zilizonifunza. Kwenye kucha nyeupe ukiangalia juani unaona kiini kwa ndani, uzi wa waridi. Humo mna mshipa wa damu na wa fahamu, ndiyo maana ukikata pale mbwa analia na damu inatoka nyingi kuliko ukubwa wa jeraha. Mbele ya uzi ni kucha kavu, haina uchungu, kama ya kwetu. Kwenye nyeusi huoni kitu. Unafuata shauri la mzee: ganda la kitunguu, ganda la kitunguu, na kila ukikata unatazama sura ya pale ulipokata. Mwanzo ni pakavu, pana unga mweupe mweupe. Ukiona kitone cheusi chenye kung'aa katikati, umefika mlangoni. Acha. Na kiini chenyewe hurefuka kucha inaporefuka, kwa hiyo huwezi kurudisha miezi minane ya uvivu kwa siku moja. Unapunguza kidogo kila wiki, kiini nacho kinarudi nyuma kidogo kidogo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kabla ya kukata chochote nilikaa wiki tano nikimgusa tu. Bega, dagaa. Bega, dagaa. Alipoanza kuligeuza bega mwenyewe, kiwiko, dagaa. Kiwiko kilichukua siku tatu. Chini ya kiwiko, wiki. Kidole, nusu sekunde. Nilikuwa nafanya asubuhi kabla ya wateja, dagaa kumi, wakiisha tumemaliza, hata kama mambo yanakwenda vizuri. Hasa kama yanakwenda vizuri.

Na nikaanza kumsoma. Zamani akipiga miayo nikimshika nilidhani ana usingizi. Akilamba pua, nikadhani njaa. Akigeuza uso huku jicho linaonyesha ukingo mweupe, nikadhani dharau, nikamwambia "nitazame!" Kumbe zote hizo ni kauli moja, tena kwa adabu: naogopa, nipishe. Siku moja aliningurumia, kidogo sana, kama mashine inayoanza kuvuta. Mkono wangu ukainuka wenyewe, maana ndivyo tulivyolelewa, mbwa akikungurumia unampa kibao. Nikakumbuka daktari alivyoniambia: ukimpiga kwa kunguruma, unamfundisha kung'ata bila kupiga honi. Nikaushusha mkono. Nikarudi kwenye kiwiko.

Wakati huo huo yule kijana wa koleo, ambaye tangu siku ile alikuwa ananipita kwa aibu, aliniletea kipande cha ubao cha urefu wa mkono. Nikagundisha msasa juu yake, namba 80, nikauegemeza ukutani. Nikaficha dagaa chini ya kitambaa juu ya ubao, Mtasema akakwaruza ili ampate. Kra, kra. Siku ya tano alikuwa anaukwaruza ubao hata bila kitambaa, kisha ananitazama kudai malipo. Kucha za mbele zikaanza kujisaga zenyewe, hakuna aliyemshika, hakuna aliyelia. Sijapata kununua kifaa chochote cha mbwa kilichonifurahisha kama huo ubao wa bure. Ila haumalizi kazi: kucha za nyuma hazifikii vizuri, na zile za ndani, zilizoleta balaa lote, ubao hauzigusi kabisa. Zile ni mkasi tu.

Mkasi wenyewe lazima uwe mkali. Hili sikuhitaji kufundishwa. Mkasi butu unatafuna hata satini. Nilinunua ule wa kucha za mbwa, nikauacha mezani wiki nzima karibu na bakuli lake la chakula, kisha nikawa naubofya hewani, ka, dagaa, ka, dagaa, kabla haujagusa mguu. Kucha ya kwanza niliyokata ilikuwa nyeupe, ya nje kabisa, nikatoa kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Hakuinua hata sikio. Mimi ndiye niliyetokwa jasho.

Nikavimba kichwa. Wiki ya tatu ya kukata, siku ya Jumamosi, wateja wanangoja, nikataka kucha nne kwa mkupuo, na ya nne, nyeusi, nikaona nimebakiza nikakata mara moja kubwa. Damu. Nilichukua konfulawa jikoni nikaibandika kwenye ncha, nikakandamiza na pamba dakika tano bila kuchungulia, maana ukichungulia unaondoa lile donge linaloziba. Ilikata. Lakini Mtasema alirudi kiwikoni. Wiki mbili hakunipa kitu chini ya kiwiko. Mteja aliyekuwa anangoja siku ile alichukua sketi yake Jumatatu, wala hakuonekana kuumia.

Kuna mambo madogo yaliyosaidia zaidi ya nilivyotarajia. Tunatembea alfajiri, njia ya mawe ya kuelekea mlimani, na yale mawe yanasaga kucha bure. Mchana simtoi kwenye lami: naweka mgongo wa kiganja changu chini, nikishindwa kuhesabu mpaka saba, na yeye hawezi. Vitumbua vyake vilipokuwa vimepasuka kiangazi nilipaka mafuta ya nazi. Akayalamba yote, kisha akakaa akisubiri niongeze.

Mzee anafuatilia kutoka upande wake. Jioni anauliza, "Leo zimekatwa ngapi?" Nikimwambia moja, anaitikia "inshallah" kama vile nimemtajia bei ya mahindi. Mwaka jana alinitumia mjukuu wake na swali, kama ule msasa unaweza kufaa kwa mbuzi. Tulijaribu. Mbuzi alikula kitambaa.

Mguu wa kushoto mbele bado una kovu, na pale hanipi mkasi mpaka leo. Ile kucha ya ndani naisugua kwa tupa ndogo, kila siku mara nne tano, yeye amenigeuzia uso. Kuna siku ananipa, kuna siku anavuta. Jana ilikuwa zamu ya mguu wa kulia nyuma. Tulikata mbili. Kwenye ya tatu akapiga miayo, nikaweka mkasi mezani nikarudi kwenye pindo la suruali ya watu, naye akaondoka kuelekea jikoni. Nilipotega sikio sikumsikia akipita.